Nyambizi S-5: watu waliotoboa chuma ili watoke baharini

Ilikuwa tarehe 2 mwezi wa tisa mwaka wa 1920, mchana ukielekea jioni. Meli ya mizigo inayoitwa Alanthus ilikuwa ikipita katika bahari ya Atlantiki, mbali na pwani ya jimbo la Delaware, nchini Marekani. Mabaharia wake wakaona kitu kimesimama juu ya maji. Kwa mbali kilifanana na boya, lakini mahali pale pa kina kirefu hapakuwa na sababu ya kuweka boya. Tena juu yake palikuwa na kitambaa cheupe kinachopepea. Kapiteni Johnson hakuendelea na safari yake. Aligeuza njia, akaenda kutazama.

Kile kitu hakikuwa boya. Kilikuwa ni mkia wa nyambizi, yaani meli ya vita inayozama na kutembea chini ya maji. Kichwa chake kilikuwa kimegusa udongo wa chini ya bahari, na mkia ulikuwa umetoka juu. Ndani walikuwemo watu karibu 40, wote wazima, lakini hewa ilikuwa karibu kuwaishia. Kile kitambaa kilikuwa shati la baharia mmoja, limefungwa kwenye bomba na kupitishwa katika kitundu walichokitoboa kwa mikono.

Nyambizi hiyo iliitwa S-5. Ilikuwa imefanya kazi katika jeshi la majini kwa muda wa miezi sita tu. Hata hivyo, habari yake inakumbukwa mpaka leo kwa sababu ya namna watu wake walivyotoka.

Jeshi lililokuwa bado linajifunza

Wakati ule nyambizi zilikuwa bado kitu kipya. Marekani ilinunua nyambizi yake ya kwanza tarehe 11 mwezi wa ine mwaka wa 1900, kwa dola 150,000. Iliitwa Holland, kwa jina la aliyeitengeneza, John Philip Holland, mzaliwa wa Ayalandi ambaye mbele alikuwa mwalimu wa shule. Ilikuwa ndogo, urefu wake meta 16 tu, na watu wake hawakuzidi saba hivi. Jeshi liliitumia zaidi kwa kufundishia vijana kazi hiyo ya chini ya maji.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari hata pasipo vita. Tarehe 25 mwezi wa tatu mwaka wa 1915, nyambizi F-4 ilizama karibu na mji wa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Watu wote 21 waliokuwa ndani wakafa. Ilizama mahali pa kina kama cha meta 90, na ilipita miezi mitano ndipo ikatolewa majini. Jeshi lilipata mabaki ya meli na miili ya watu, lakini njia ya kumtoa mtu akiwa mzima halikuwa nayo.

Vita kubwa ya kwanza ya dunia ilionyesha mataifa yote nguvu ya nyambizi, maana zile za Ujerumani zilizamisha meli nyingi sana. Marekani nayo ikaanza kuunda nyambizi kubwa zaidi, zikapewa herufi S. Zilifika 51 kwa jumla. S-5 ilianza kuundwa tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1917 katika kiwanda cha jeshi la majini cha Portsmouth. Vita vilikwisha mbele haijakamilika. Ilishushwa majini tarehe 10 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1919, na ikaingia rasmi katika jeshi tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka wa 1920.

Urefu wake ulikuwa meta 70. Kiongozi wake alikuwa Charles Cooke, mzaliwa wa jimbo la Arkansas, kijana wa miaka 33 aliyesifiwa shuleni kwa hesabu na akili. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuja kumfaa.

Bomba la hewa

Ili mtu aelewe yaliyotokea, afikiri kwanza juu ya bidon. Bidon tupu iliyofungwa vizuri inaelea ziwani. Ukiifungua na kuiacha maji yaingie, inazama. Ukiweza kuyafukuza yale maji kwa kupuliza hewa ndani, itapanda tena. Nyambizi inafanya kazi hivyo hivyo. Pembeni mwake kuna matangi. Yakijazwa maji, inashuka. Yakipulizwa kwa hewa iliyobanwa kwa nguvu katika machupa ya chuma, inapanda.

Juu ya maji, nyambizi za wakati ule zilitembea kwa mashine za dizeli. Chini ya maji zilitembea kwa umeme wa betri. Dizeli inakula hewa nyingi. Ndiyo maana S-5 ilikuwa na bomba kubwa la kuvuta hewa kutoka nje, lenye matawi yaliyofika katika vyumba mbalimbali. Bomba hilo lilikuwa na vali, yaani kifuniko cha kufunga na kufungua.

Hapo palikuwa na shida. Kama vali ikifungwa mapema wakati dizeli bado zinazunguka, mashine zinavuta hewa ya ndani, ile ambayo watu wanapumua. Kama ikichelewa kufungwa, bahari inaingia kwa bomba. Kwa hiyo ilipaswa kufungwa katika nafasi fupi sana, kati ya kuzimwa kwa dizeli na kuzama kwa meli. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Saa nane ya mchana

S-5 ilitoka Boston tarehe 30 mwezi wa nane, ikaenda kusini. Njiani ilikuwa ifanye majaribio ya nguvu za mashine zake. Tarehe 1 mwezi wa tisa, saa nane ya mchana, ikiwa kama kilometa 90 kutoka pwani, Cooke aliamuru wazame kwa haraka, jinsi nyambizi inavyofanya ikikimbia adui.

Yule baharia wa vali alikuwa mzoefu. Lakini kitambo kile kazi nyingine ilimvuta macho. Alipogutuka, meli ilikuwa tayari inashuka. Alivuta mkono wa vali kwa nguvu zote, nayo ikakwama. Maji yakaingia kwa bomba kubwa na kumwagika katika vyumba kadhaa kwa mara moja.

Kila chumba kilikuwa na vali yake ndogo. Mabaharia walizikimbilia na kuzifunga, isipokuwa ile ya chumba cha mbele, chumba cha torpido, yaani silaha za nyambizi. Ile ilikataa. Watu wa chumba kile walitoka, mlango ukafungwa nyuma yao, na chumba kikajaa. Inakadiriwa kwamba tani kama 80 za maji ziliingia. Uzito huo ulivuta kichwa cha meli, ikashuka mpaka chini, kwenye kina cha meta 55 hivi.

Hakuna aliyekufa. Taa zilikuwa zikiwaka. Cooke alihesabu watu wake, akawakuta wote. Kisha wakaanza kujaribu kutoa maji. Walijaribu pampu, lakini mpira wake wa kuziba ukapasuka kwa nguvu ya maji. Walijaribu kuinua meli nzima, lakini kichwa kilikuwa kizito mno.

Huku juu hakuna mtu aliyejua. Redio za wakati ule hazikuweza kutuma sauti kutoka chini ya maji. Jeshi halikuwa na sababu ya kuitafuta meli ambayo iliaminiwa kuwa safarini. Hata kama lingejua, mwaka wa 1920 halikuwa na chombo chochote cha kuwatoa watu katika nyambizi iliyolala kina kile.

Hesabu ya Cooke

Ndipo Cooke akapiga hesabu ambayo mtoto wa shule anaweza kuifuata. Meli ina meta 70. Maji yana meta 55. Kama meli ingesimama kwa kichwa chake, mkia ungetoka juu ya bahari. Haikuwa lazima kuinua meli nzima. Kuinua upande mmoja kulitosha.

Aliamuru hewa yote ya akiba ipulizwe katika matangi ya nyuma. Hewa hiyo ilikuwa ya kutumiwa mara moja tu. Ikishindwa, hakuna ya pili. Mkia ukaanza kupanda, kwanza polepole, halafu kwa kasi. Sakafu zikageuka ukuta. Watu wakateleza, vyombo vikaanguka, na maji yote yaliyokuwa ndani yakakimbilia mbele.

Maji hayo ya chumvi yakafikia betri. Chumvi ya bahari ikikutana na betri za namna ile inazalisha klorini, gesi inayochoma macho na mapafu. Waliokuwa sehemu za chini walibidi wavutwe juu na wenzao, mmoja mmoja, mbele ya mlango kufungwa ili gesi isiwafuate. Kiongozi alipohesabu tena, watu wote walikuwa bado wazima.

Sasa walijikusanya karibu na mkia, wakining'inia mahali palipoinama sana. Walisikia mawimbi yakipiga chuma. Waligonga chuma huku na huku na kusikiliza, kwa maana chuma chenye maji nyuma yake hakitoi mlio sawa na chenye hewa. Kwa njia hiyo waligundua kwamba kama meta 5 za mkia zilikuwa nje ya maji.

Walianza kutoboa. Lakini vyombo walivyokuwa navyo vilikuwa vya kutengenezea mashine ndogo ndogo. Keekee ya mkono, patasi, nyundo, msumeno. Chuma cha nyambizi kimeundwa ili bahari isikivunje. Mahali penyewe palikuwa padogo, hapakuenea watu wengi, na hewa ilikuwa nzito. Mtu alifanya kazi dakika chache, akachoka kabisa, akashuka, mwingine akapanda. Walipokezana hivyo, wakubwa na wadogo, usiku kucha na mchana wa kesho yake. Walitoboa vitundu karibu karibu, kisha wakavunja chuma kilichobaki katikati.

Baada ya kazi hiyo yote, walipata tundu ambalo mkono ungepita, lakini kichwa hapana. Lilitosha kupitisha bomba lenye shati jeupe.

Meli mbili

Alanthus ilipokaribia, Kapiteni Johnson aliteremka kwa mashua ndogo mpaka penye tundu, akauliza kama kawaida ya bahari. Hii ni meli gani? Ya nchi gani? Inaenda wapi? Cooke alijibu maswali mawili ya kwanza kwa ukweli. Kwa swali la tatu alijibu kwa mzaha mkali wa mabaharia, kwamba wanaelekea jehanamu, dira ikiwaongoza.

Johnson hakuwa na mashine ya kutoboa chuma kile. Alichoweza kufanya, alikifanya. Mabaharia wake walifunga kamba za chuma kwenye mkia ili usizame tena. Walipitisha mpira katika tundu, wakapuliza hewa safi ndani, wakawapa na maji ya kunywa. Kwa wale waliokuwa ndani, hewa hiyo iliwaongezea masaa ya kuishi.

Alanthus haikuweza kutuma habari kwa redio. Kwa hiyo Johnson alipandisha bendera za kuomba msaada, akangoja meli yoyote itakayopita. Jioni ikapita meli kubwa inayoitwa General Goethals, kwa jina la injinia aliyesimamia kuchimbwa kwa mfereji wa Panama. Ilikuwa na redio, na habari ya kwanza kufika nchi kavu ilitoka kwake. Jeshi la majini likajua kwa mara moja mambo mawili: kwamba S-5 imezama, na kwamba watu wake wapo hai.

Goethals ilikuwa na kitu kingine cha lazima, nacho ni fundi. Injinia mkuu wake, William Grace, alikwenda na msaidizi wake wakiwa na keekee kubwa ya mkono, wakasimama juu ya chuma chenye kuteleza, bahari ikitikisa chini yao. Walitoboa vitundu kwa kuvizungusha duara, kimoja baada ya kingine. Giza likaingia, nao wakaendelea. Kufika usiku wa manane duara lilikuwa karibu kukamilika. Mwishowe chuma kikapigwa nyundo mpaka kikakubali.

Watu walianza kutoka, mmoja mmoja, wamelegea, wengine hawawezi kusimama. Ilipofika saa saba na dakika 45 ya usiku, tarehe 3 mwezi wa tisa, mtu wa mwisho alitoka. Mtu huyo alikuwa Cooke. Tangu saa nane ya mchana wa tarehe 1, yalikuwa yamepita masaa karibu 36. Waliokuwa wameshuka chini ya bahari na S-5 walipanda wote juu, hakuna aliyebaki.

Meli yenyewe

S-5 haikuokoka. Asubuhi meli kubwa ya vita, Ohio, ilifika na kuifunga kamba ili iivute mpaka maji mafupi. Kamba ilikatika njiani, S-5 ikazama mara ya pili. Wapiga mbizi wa jeshi walijaribu kuiinua mwaka ule na mwaka uliofuata, halafu jeshi likakata tamaa na kulifuta jina lake katika orodha. Watu walisahau mahali ilipo. Ni mwaka wa 2001, mwezi wa saba, ndipo meli ya uchunguzi ya serikali ya Marekani inayoitwa Whiting iliipata tena chini ya bahari kwa vipimo vya sauti.

Cooke alibaki jeshini. Tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1941, siku Japani iliposhambulia Pearl Harbor, yeye ndiye alikuwa kiongozi wa manowari Pennsylvania iliyokuwa palepale bandarini. Alipanda hadi cheo cha admirali.

Vali ile ile

Kuokoka kwa watu wa S-5 kulifurahisha taifa, lakini furaha haikutengeneza vali wala haikuunda chombo cha uokozi. Tarehe 25 mwezi wa tisa mwaka wa 1925, nyambizi S-51 iligongwa usiku na meli ya abiria City of Rome. Watu 33 walikufa, watatu tu wakapona. Tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1927, nyambizi S-4 iligongwa na meli ya ulinzi wa pwani, Paulding, karibu na Provincetown, ikazama kwenye kina cha meta 30 na kitu. Wapiga mbizi walishuka, wakagonga chuma kwa nyundo, na kutoka ndani wakajibiwa kwa kugonga. Watu sita walikuwa hai katika chumba cha mbele. Dhoruba ilizuia kazi. Wale sita waliendelea kujibu kwa zaidi ya siku mbili, wakiuliza kama kuna matumaini, wakati jamaa zao wakingoja habari pwani. Kisha wakanyamaza. Waliokufa katika S-4 wote ni 40.

Baada ya kilio hicho ndipo jeshi likatoa pesa na watu kwa kazi ya uokozi. Maofisa wawili, Charles Momsen na Allan McCann, walihusika na vyombo viwili vipya. Kimoja ni mfuko wa kupumulia ambao baharia anauvaa ili apande mwenyewe hadi juu. Cha pili ni chumba cha chuma, mfano wa kengele kubwa, kinachoshushwa kwa kamba mpaka kikae juu ya mlango wa nyambizi na kuchukua watu.

Kile chumba kilipata kazi yake mwezi wa tano mwaka wa 1939. Nyambizi Squalus, iliyoundwa Portsmouth, kiwanda kile kile cha S-5, ilikuwa ikijaribiwa karibu na pwani ya New Hampshire. Ilipozama, maji yakaingia kwa bomba kubwa la hewa ya dizeli. Taa za kuonyesha zilisema bomba limefungwa, kumbe lilikuwa wazi. Watu 26 walikufa katika vyumba vya nyuma. Wengine 33 walikuwa hai kwenye kina cha meta 74, na chumba cha McCann kiliwatoa wote kwa safari nne.

Miaka 19 ilikuwa imepita tangu S-5, na kosa lilikuwa lile lile. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na watu walioandaliwa na chombo kilichokuwa tayari. Mwaka wa 1920 hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Palikuwa na kiongozi aliyejua kuhesabu, mabaharia waliokubali kupokezana keekee bila kuuliza nani mkubwa na nani mdogo, fundi aliyetoboa mpaka usiku, na redio ya meli moja. Na mbele ya hao wote, alikuwepo kapiteni wa meli ya mizigo aliyeona kitambaa cheupe kwa mbali, akageuza njia yake.